Mti wa Matatizo Ulivyopigwa Shoka

Neno la kwanza nililolipiga marufuku kwenye mikutano yangu ni "ukosefu". Ukilitamka, unasimama, unaimba ubeti mmoja wa wimbo wowote unaoujua, ndipo unaendelea na hoja yako. Nimewaimbisha wenyeviti wa vijiji. Nimewaimbisha mabwana shamba. Mara moja nilimwimbisha mchungaji mzima, akaimba nje ya sauti mpaka mkewe akajifunika uso na kitenge. Ninyi vijana mnaorithi kazi hii ya kukaa na wananchi na kupanga nao namna ya kuishi na tabianchi iliyobadilika, nawaambia mapema: mkiruhusu "ukosefu" uingie kwenye karatasi yenu, mpango umeshakufa, kilichobaki ni maziko.

Mimi nimeishia darasa la saba, tena nikiwa nimekaa nyuma karibu na dirisha. Lakini uliza kuanzia Mpemba mpaka Itumba, shuka Momba, zunguka mpaka Saza, uliza Bwana Kadi ni nani. Watu wenye shahada juu ya shahada wamenipigia simu kuniuliza, "Bwana Kadi, hili tuliandikeje?" nami nikawajibu huku natafuna. Nimestaafu mwaka huu, na msidhani ni uzee. Nina nguvu zangu zote. Magoti tu ndiyo yameamua kustaafu kabla ya mwenye nayo, maana vilima vya Ileje havina huruma na goti.

Jina la Bwana Kadi nililipata kwa sababu ya zile kadi za rangi. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, iko hivi. Unawaketisha wananchi, wanakutajia yanayowasumbua tangu mvua zilipoanza kupotea njia. Kila tatizo unaliandika kwenye kadi nyekundu. Halafu unaigeuza kila kadi nyekundu kuwa kadi ya kijani, ambayo ndiyo lengo: jambo ambalo watu wanaweza kulifanya, mahali fulani, kwa muda fulani, na likifanyika kila mwenye macho analiona. Rahisi kusema. Nimeona watu wenye miwani mizuri wakishindwa.

Kule karibu na Saza, kwenye machimbo, alikuja kijana mmoja mtaalamu, kishikwambi kinang'aa mkononi. Wachimbaji wakamwambia tatizo lao ni jua kali. Akaandika vizuri kwenye kadi nyekundu: JUA KALI. Akaigeuza kama alivyofundishwa, akaandika kwenye kijani: JUA LIMEPUNGUA. Mchimbaji mmoja, vumbi mpaka kwenye kope, akanyoosha mkono.

"Samahani mtaalamu. Nani atapanda kulipunguza?"

"Eee?"

"Nauliza tu, maana ngazi yangu ni fupi."

Watu walicheka mpaka mwingine akaegemea karasha la kusagia mawe likamchafua mgongo wote. Mimi nikachukua kalamu, bila kuombwa, mnanijua. Nikauliza, "Jua likiwaka linawafanya nini?" Wakasema wanaopondaponda mawe wanaanguka saa za mchana. Wanaanguka wapi? Pale pale penye karasha, hakuna hata turubai. Saa ngapi? Kuanzia saa sita. Basi! Tukaandika kuwa kuponda kutafanyika asubuhi na jioni, kwamba kila karasha litakuwa na turubai na pipa la maji ya kunywa, na mwenye karasha akatajwa kwa jina lake. Jua tuliliacha palepale mbinguni liendelee na shughuli zake.

Sasa mtaniuliza, Bwana Kadi, akili hizo ulizitoa chuo gani? Nilizitoa kwenye kosa, wanangu. Kosa kubwa, lenye kishindo.

Wakati huo nilikuwa nauza vipuri vya baiskeli pale Mpemba. Siku moja likasimama gari la wataalamu, wanapanda kwenda Ileje, na mkalimani wao hakutokea. Aliyekuwa kiongozi wao ni dada mmoja wa mjini, Madamu Vero, mtu wa mipango, anayetembea haraka kama amesahau moto jikoni. Akauliza kwenye banda langu kama kuna anayejua Kindali. Baba yangu ni Mnamwanga, lakini mama ni Mndali, na Kindali nilikuwa nacho, ingawa kilikuwa cha jikoni: njoo, kaa, kula, acha ujinga. Nikamwambia, "Madamu, nakiongea kama maji." Nikafunga banda.

Kitongoji tulichopelekwa, hapo juu mwendo wa miguu kutoka Itumba, ndicho cha wajomba zangu. Walikuwa wamekwishapeleka mpango wao wilayani mara mbili, na mara zote mbili umerudishwa. Wa kwanza ulisema UKOSEFU WA MAJI, lengo MAJI YAPATIKANE. Wa pili ulisema UKOSEFU WA KISIMA KIREFU, lengo KISIMA KIREFU. Hii ilikuwa nafasi ya tatu na ya mwisho. Wakirudishwa tena, mradi unahamia kwingine.

Aliyekuwa na uchungu zaidi ni mwanamke mmoja, Mama Tusekile, kiongozi wa kwaya, mikono imekomaa kwa jembe. Chemchemi yao ya karibu ilikuwa imebaki kudondoka matone, kwa hiyo wanawake walishuka mtoni bondeni, wanapanda tena na ndoo kichwani. Mama Tusekile alisimama kwenye mkutano akasema maneno ambayo hata Kindali changu cha jikoni kiliyaelewa yote:

"Watoto wangu nakutana nao njiani. Mimi nashuka na ndoo tupu, wao wanapanda kutoka shule. Tunasalimiana kama wageni. Nikifika nyumbani wameshalala na njaa."

Hapo ndipo Madamu Vero alipotaka kuanza kazi, na stendi ya kubandikia karatasi ikavunjika mguu. Mimi, mtu wa kutatua mambo, nikachukua kadi zote nyekundu nikazibandika kwenye shina la mti uliokuwa jirani. Ulikuwa mlingoti, wengine mnauita mkaratusi, mrefu, mweupe, laini kama ubao wa darasani. Nikajipongeza moyoni.

"Waambie," Madamu akasema, "huu ni mti wa matatizo. Mizizi ndiyo vyanzo, shina ni tatizo lenyewe, na matawi ni madhara yake."

Mti wa matatizo! Vitabuni ni mchoro tu. Nami nikavuta pumzi, nikatangaza kwa Kindali, kwa sauti ya mtu anayelipwa. Nilichosema, nikikirudisha kwa Kiswahili leo, ni hiki: "Ndugu zangu, mti huu ndio unaotuletea matatizo. Shida yote imo kwenye mizizi yake."

Wanawake wakatazamana. Halafu vigelegele! Vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia hata harusini.

"Wameelewa haraka sana hawa," Madamu akashangaa.

"Ni mkalimani, Madamu," nikamjibu.

Kisha akaniambia niwaulize kuhusu ukosefu wa maji. Hapo nikakwama. Neno "ukosefu" kwa Kindali sikulijua, na kusema sijui mbele ya wajomba zangu, mimi? Nikakwepa. Nikawauliza, "Nini kimeondoka hapa?" Wakajibu wote, "Maji!" Nikaona inakwenda. Nikauliza, "Yaliondoka lini?" Na Mama Tusekile akanyoosha kidole juu ya kichwa changu.

"Tangu hii milingoti ya Mzee Kibona ipite paa la nyumba. Safu nzima imepandwa kichwani pa chemchemi. Tumesema mpaka tumechoka. Leo angalau serikali imekuja na imeona."

Mimi si serikali, lakini siku hiyo sikuona sababu ya kumsahihisha.

Vijana, hapo shikeni. Ukiuliza mtu anakosa nini, atakutajia kitu alichokiona kwa jirani: kisima, bomba, pampu. Ukimwuliza nini kimeondoka na kiliondoka lini, atakuonyesha kwa kidole. Mimi niliipata njia hiyo kwa kutojua lugha. Wengine wanalipa ada.

Sasa huyo Mzee Kibona mwenye milingoti ni nani? Ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Mkutanoni hakuwepo, alikuwa ameenda kwenye shamba lake la kahawa. Na jioni hiyo nililala kwake, akanichinjia kuku, nikajisifu mpaka akasinzia kitini.

Asubuhi tunakunywa chai na viazi vitamu, tukasikia ko, ko, ko.

"Nani anapasua kuni mapema hivi?" mjomba akauliza.

"Wenye bidii, mjomba."

"Ndiyo hao tunaowataka. Ongeza kiazi."

Ko, ko, ko. Nikaongeza kiazi. Halafu tukasikia sauti ya kitu kinalia, krrrrr, kisha kishindo kilichotikisa birika. Mjomba akaniangalia. Mimi nikaangalia kiazi.

Tulipofika, mlingoti umelala chini, kadi zangu nyekundu bado zimeng'ang'ania shinani. Wanawake watatu wamesimama wanajifuta jasho, na Mama Tusekile ana shoka begani.

"Bwana Kadi, mmoja tayari," akasema. "Tuendelee na hii mingine, au mpaka kikao?"

Mzee Kibona alizunguka ule mti mara mbili. Ndipo akanigeukia.

"Mpwa."

"Naam, mjomba."

"Umelala kwangu. Umekula kuku wangu. Ukaja kuushitaki mti wangu mbele za watu?"

"Mjomba, ulikuwa mti wa mfano tu."

"Mfano! Hebu uambie huo mfano usimame."

Madamu Vero akafika mbio, viatu mkononi. Akaniuliza polepole nilitafsiri nini jana. Nikamwambia. Akauliza tena, nikamwambia tena. Akakaa juu ya mti wenyewe, akacheka mpaka machozi, kisha ghafla akaacha, maana mjomba alikuwa ameshachukua fimbo yake anaelekea kwa mtendaji wa kata kushitaki. Na kesi ikifika kule, nani angepokea mpango wa kitongoji chenye ugomvi? Mradi ungehama siku hiyohiyo. Nami ningerudi Mpemba kwenye minyororo ya baiskeli.

Aliyemzuia si mimi, nakiri. Ni Mama Tusekile. Aliweka shoka chini, akapiga goti kwa heshima.

"Baba, nishitaki, mkosaji ni mimi. Lakini kabla hujaenda, njoo unisindikize kuimba. Wimbo mmoja tu."

"Wimbo? Sasa hivi?"

"Wewe si ndiye besi yetu?"

Tukashuka wote mpaka kwenye chemchemi, hatua chache tu chini ya milingoti. Kuna kipande cha bomba kimechomekwa kwenye jiwe. Akaweka ndoo ya lita ishirini, akasema, "Nilipoolewa hapa, baba unakumbuka, nilikuwa naweka ndoo naanza wimbo. Ubeti wa tatu haufiki mwisho, maji yananimwagikia miguuni. Haya, tuone leo." Akaanza.

Mzee Kibona alikaza mdomo. Lakini mtu wa besi ni mtu wa besi. Ubeti wa kwanza alivumilia, wa pili ukamshinda, sauti ikamtoka yenyewe kama ng'ombe aliyeona majani. Wakamaliza wimbo wote. Tukachungulia ndooni. Maji hayajafunika hata kitako. Akaanzisha wa pili. Wakamaliza. Akaanzisha wa tatu, na katikati mzee akanyamaza mwenyewe. Akachuchumaa, akaweka kiganja chini ya bomba, akasubiri kijae. Hakikujaa.

"Ng'ombe wangu walikuwa wanakunywa hapa," akasema.

Akajifuta kiganja kwenye suruali, akatugeukia.

"Lakini nanyi mniambie. Wanangu wote wako Tunduma na ng'ambo kule Zambia. Hii miti ndiyo uzee wangu. Mkiichukua, mimi nabaki na nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa Bwana Kadi kweli. Nikatoa kadi nyekundu mfukoni, nikaandika: MZEE KIBONA ATABAKI NA NINI. Nikaibandika kwenye jiwe la chemchemi, kubwa kuliko zote. Madamu aliniangalia kama ameniona kwa mara ya kwanza. Na hili ndilo nimewafundisha wenye shahada: mtu ambaye lengo lako litamuumiza, naye apewe kadi. Usipomwandika kwenye karatasi, atajiandika mwenyewe kwa mtendaji.

Tulikaa siku mbili nzima kuzigeuza zile kadi. Milingoti iliyo ndani ya mita sitini kutoka kwenye chemchemi, ambazo ni za kisheria, mzee ataikata mwenyewe, mbao na nguzo ni zake. Ile ya mgongoni mwa kilima inabaki. Kitongoji kitamchimbia mashimo ya miche ya parachichi kwenye shamba lake la juu, kila kaya mashimo yake, majina yakaandikwa, maana "kamati" haina mikono. Kichwani pa chemchemi watapanda miti ya asili inayolinda maji, na mbuzi wasionekane pale. Na waliokata mti bila ruhusa, Mama Tusekile na wenzake, watachimba mashimo mara mbili ya wengine. Mzee aliisoma hiyo mara tatu kwa furaha.

Likabaki lengo lenyewe. Madamu akaandika, "Kuimarisha upatikanaji wa maji." Nikamsomea Mama Tusekile, akauliza, "Hiyo nitaionaje?" Tukafuta. Nikamwambia aseme yeye. Akasema, nami nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: IKIFIKA MASIKA YA PILI KUANZIA SASA, NDOO YA LITA ISHIRINI IJAE KABLA UBETI WA TATU HAUJAISHA, MAMA TUSEKILE AKIIMBA KWA MWENDO WAKE WA KAWAIDA.

Pale wilayani Itumba, afisa aliyepokea mpango alivua miwani.

"Bwana, kiashiria gani hiki? Wimbo?"

"Ndiyo, mkuu."

"Nitaupimaje mimi ofisini?"

"Una saa mkononi, mkuu?"

Nikasimama katikati ya ofisi nikaimba. Beti tatu, bila aibu, kwa mwendo wa Mama Tusekile, na mikono nikaichezesha. Makarani wakaja mlangoni. Yule afisa, mtu makini sana, alitazama saa yake mpaka mwisho, akaandika dakika pembeni kwa kalamu nyekundu, akagonga muhuri.

"Mmeandika jambo linalopimika," akasema. "Ila usirudi kuimba."

Ndiyo maana nawaambia, kiashiria kizuri ni kile ambacho mwenye shida anaweza kukipima bila ninyi. Mkishaondoka na gari lenu, atabaki na nini cha kujua kama mmefaulu? Mama Tusekile alibaki na koo lake.

Sikuacha kazi hiyo tena. Milingoti ya pale ilikatwa, lakini miche ilichelewa, mbuzi walikula ya kwanza, masika ya kwanza yakapita na wimbo ulikwisha mara mbili ndoo ikiwa nusu. Mama Tusekile aliendelea kushuka mtoni. Mimi nilijisifu kila mahali, ila nikifika kwenye kilima kile nilikuwa napunguza sauti.

Masika ya pili tukapanda kilimani, mimi na Madamu. Kitongoji kizima kimejipanga kando ya chemchemi, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumatano. Bomba lilikuwa linatoa maji, hilo tuliliona, lakini yanatosha? Mama Tusekile akaweka ndoo. Akajifunga kitenge vizuri. Akaanza.

Ubeti wa kwanza. Watu wote shingo zimeelekea ndooni. Wa pili. Maji yamefika katikati, yanapanda. Hapo nikagundua kitu: besi inavuta. Mjomba wangu anaburuza kila neno, anaivuta "aaa" mpaka ng'ambo ya kilima.

"Mzee Kibona!" Mama Tusekile akapaza sauti katikati ya wimbo. "Mwendo wa kawaida!"

"Umri huo!" mzee akajibu.

"Jana hukuwa nao! Urudieni kuanzia mwanzo, mwagaaa!"

Ndoo ikamwagwa, watu wakaguna kama timu yao imekosa penalti. Ikawekwa upya. Safari hii mzee aliimba mbio mpaka akapitiliza, kwa hofu ya kuonekana mwizi. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukaanza na maji bado vidole vinne kutoka ukingoni, vitatu, Madamu Vero ameshika kadi kwa meno, viwili, na Mama Tusekile hakuongeza wala hakupunguza, anaimba macho yamefumba. Akafika kwenye mstari wa mwisho kasoro mmoja. Maji yakamwagika, yakapita kwenye vidole vyake vya miguu.

Akanyamaza hapohapo. Hakufumbua macho kwa muda.

Halafu kelele! Mimi nilirukaruka mpaka magoti haya mnayoyaona yakaanza safari yake ya kustaafu. Nikageuka kumpongeza, kumwambia kwamba njia ilikuwa yangu, swali lilikuwa langu, kadi zangu. Hayupo. Ameshatupa kitenge kichwani, amebeba ndoo, yuko njiani kwenda juu.

"Mama Tusekile!" nikaita. "Unakwenda wapi? Sherehe ndiyo inaanza! Hata wimbo hujamaliza!"

"Nitaumalizia nyumbani, Bwana Kadi," akajibu bila kugeuka. "Watoto wanakaribia kutoka shule."

Tukamsikia baadaye kutoka nyuma ya nyumba yake, sauti inashuka kilima taratibu, ule mstari mmoja uliobaki. Na pale kwenye chemchemi Mzee Kibona, viatu vimelowa, akamvutia besi yake kutoka mbali.